Mto Usiotoka Ziwani: Mafunzo Kutoka Maisha ya David Livingstone

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Kut. 18:13–24, Yos. 9:3–15, Mit. 12:15, 15:22, Mdo. 17:11, 27:9–44, 1 Kor. 10:6–11.

Fungu la Kukariri: Mithali 19:20. Lisome katika Biblia yako na kulikariri pamoja na darasa lako.

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, mashamba hulimwa kwa ngoro. Nyasi hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokatana kama matundu ya wavu. Kisha udongo huchimbwa katikati na kufukiwa juu ya zile nyasi, na shimo linabaki ili kuyashika maji ya mvua. Juu ya matuta hupandwa maharage na mahindi. Mteremko ambao mahali pengine ungekuwa umebaki mawe matupu, huku umelisha vizazi na vizazi.

Hakuna mtoto wa Kimatengo aliyebuni ngoro peke yake. Alionyeshwa na mama yake au bibi yake, jembe mkononi. Mkulima mgeni anayedharau mashimo hayo na kulima mteremko jinsi alivyozoea kwao, naye atajifunza, lakini mwalimu wake atakuwa mvua. Masika moja tu, na udongo wake utakuwa bondeni. Wote wawili watakuwa wamepata elimu ileile. Tofauti ni kwamba mmoja amelipa shamba zima.

Wako watu husema kwamba kosa lako mwenyewe ndilo mwalimu bora. Wengine husema mwenye akili hujifunza kwa kuwasikiliza waliomtangulia. Biblia inazijua njia zote mbili, nayo inatuonya kuhusu bei ya ile ya kwanza. Juma hili tutaliangalia jambo hili katika maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana sana katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa: David Livingstone, mmisionari, tabibu na msafiri. Alikuwa mtu wa imani na ushujaa. Pia alikuwa mtu mgumu wa kushauriwa, na si yeye peke yake aliyelipia ugumu huo.

JUMAPILI
Barua ya Mama Mkwe

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba, akiingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 2 usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini, na baada ya kazi alikwenda shule ya usiku. Kwa bidii hiyo alisomea utabibu na theolojia, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Utoto wa namna hiyo humjenga mtu. Kila mlango uliofunguka mbele yake aliusukuma kwa bega lake mwenyewe. Si ajabu akakua akiamini kwamba neno haliwezekani ni neno la wavivu. Imani hiyo ilimfikisha mbali, lakini mtu wa namna hiyo huona shida kutambua ni lini anayemwambia asiende ni mwoga, na ni lini ni rafiki.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari wakongwe Robert na Mary Moffat wa Kuruman. Wazee hao walikuwa wameishi katika nchi ile zaidi ya miaka 20 na waliijua kiu yake na homa zake. Mwaka 1850 Livingstone alivuka jangwa la Kalahari pamoja na mkewe mjamzito na watoto wadogo. Watoto waliugua homa ikabidi warudi. Muda mfupi baadaye Mary alijifungua mtoto wa kike, na mtoto huyo akafa akiwa na majuma machache tu.

Mwaka uliofuata Mary alikuwa mjamzito tena, na Livingstone akapanga kuwachukua tena kupitia jangwa lilelile. Mama mkwe akamwandikia barua kali. Alimkumbusha mtoto aliyekufa na kumwuliza kama kweli anataka kumrudisha binti yake nyikani katika hali ile. Livingstone aliisoma barua, akaendelea na safari. Njiani maji yaliwaishia, na watoto wakakaribia kufa kwa kiu. Mary alijifungua njiani, kando ya mto, na safari hii mtoto aliishi. Mwaka 1852 hatimaye alikubali kwamba safari zake hazikuwa za kuchukua familia, akawapeleka Uingereza. Alikuwa amefikia kulekule alikokuwa mama mkwe mwaka mmoja kabla.

Soma Kutoka 18:13–24. Musa alikuwa ameongea na Mungu katika kijiti kilichowaka moto, na alikuwa ameona bahari ikigawanyika. Hata hivyo Yethro mkwewe alipomwambia kwamba namna yake ya kuwaamua watu ingemchosha yeye na watu pia, Musa hakujibu kwamba yeye ndiye aliyetumwa. Alisikia, akafanya yote aliyoambiwa. Hakupungukiwa na heshima yoyote, na taifa zima likapata nafuu.

Ni mtu gani katika familia yako au kanisa lako ambaye Mungu amekuwa akimtumia kukuonya, lakini umemsikiliza nusu nusu kwa sababu ya umri wake, jinsia yake au elimu yake?

JUMATATU
Sehemu Ambayo Hakwenda Kuiona

Kati ya mwaka 1853 na 1856 Livingstone alifanya safari iliyomletea sifa duniani kote. Kutoka Linyanti, katikati ya bara, alikwenda magharibi hadi Luanda kwenye Bahari ya Atlantiki, akarudi, kisha akafuata mto Zambezi kuelekea mashariki hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Safari hiyo ilifanikiwa kwa sababu hakuwa peke yake. Chifu Sekeletu wa Wakololo alimpa watu, chakula na pembe za ndovu za kubadilishana. Wanaume 27 walikwenda naye hadi Luanda, nao walijua lugha, njia na desturi za kupita katika nchi za watu. Livingstone alipokubali kuongozwa, alifika.

Lakini karibu na mwisho wa safari ile lilitokea jambo dogo. Kabla ya kufika Tete, mto Zambezi unapinda. Livingstone alikata njia ya mkato nchi kavu, akaiacha sehemu hiyo bila kuiona. Alisikia kwamba hapo pana maporomoko madogo. Hakwenda kuyaangalia, wala hakuuliza sana.

Alirudi Uingereza, akaandika kitabu kilichosomwa na maelfu, na tarehe 4 Desemba 1857 akahutubia Chuo Kikuu cha Cambridge akiwaita vijana wapeleke biashara na Ukristo katika Afrika. Aliamini kwa moyo wote kwamba Zambezi ni barabara ambayo Mungu ameitengeneza ili meli zipande hadi katikati ya bara na kuikomesha biashara ya watumwa. Serikali ya Uingereza ilimpa fedha, wataalamu na meli ya moshi.

Mnamo Novemba 1858 alifika mahali pale alipoparuka. Jina lake ni Kebrabasa, siku hizi Cahora Bassa. Maji yalikuwa yakipita kwa ngurumo katika korongo la mawe makubwa, na miamba ilikuwa imechemka kwa jua hata ikachoma nyayo. Hakuna meli ingeweza kupita. Korongo hilo ni kali kiasi kwamba karne moja baadaye palijengwa bwawa kubwa la umeme. Msafara mzima ulikuwa umejengwa juu ya sehemu moja ya mto ambayo kiongozi wake hakwenda kuiona.

Hata hapo Livingstone hakukubali upesi. Aliandika kwamba labda meli yenye nguvu zaidi, wakati mto umejaa, ingeweza kupita. Ugumu wake haukutokana na kukosa imani. Tatizo lilikuwa kwamba mpango wake na mapenzi ya Mungu vilikuwa vimeshonwa pamoja moyoni mwake, hata hakuweza kuvitenganisha. Kukubali kwamba mto haupitiki kulikuwa kwake kama kukubali kwamba Mungu amekosea.

Soma Yoshua 9:3–15. Wazee wa Israeli waliona mikate yenye ukungu na viatu vilivyochakaa, wakaridhika. Macho yao yaliwatosha, hawakutaka shauri la Bwana. Walikuwa watu wa Mungu, katika kazi ya Mungu, katika nchi waliyoahidiwa na Mungu. Hayo yote hayakuwaondolea wajibu wa kuuliza.

Je, tunawezaje kutofautisha kati ya kusimama imara katika wito wa Mungu na kung'ang'ania mpango wetu wenyewe kwa jina lake?

JUMANNE
Mto Usiotoka Ziwani

Zambezi ulipomfungia njia, Livingstone aligeukia mto Shire, na mnamo Septemba 1859 akafika katika ncha ya kusini ya Ziwa Nyasa. Mwaka 1861 alirudi na mashua iliyobebwa mabegani kupita maporomoko ya Shire, akasafiri kwa majuma kadhaa kwenye ufuko wa magharibi. Aliona majahazi ya watumwa yakivuka maji. Aliona pia mawimbi ambayo wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli wanayajua vizuri, na kwa sababu ya dhoruba hakuweza kuvuka kuja upande wa mashariki. Milima ya upande huu aliitazama kwa mbali tu.

Alikuwa na swali moja kubwa. Njia ya Zambezi na Shire ilipita katika eneo la Wareno, nao waliweza kuifunga wakati wowote. Je, kulikuwa na njia nyingine kutoka baharini hadi ziwani? Macho yake yalikuwa kwenye mto Ruvuma. Kama Ruvuma ulitoka Ziwa Nyasa, meli ingepanda kutoka Bahari ya Hindi hadi katikati ya nchi ya watumwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Aliwauliza watu wa ziwani, na hapa lazima tumpe haki yake: safari hii aliuliza. Lakini majibu yalipingana. Mmoja alisema mtumbwi unaweza kutoka ziwani na kuingia Ruvuma moja kwa moja. Mwingine alisema utaburutwa nchi kavu kidogo tu. Wengine walisema kati ya ziwa na mto kuna mwendo mrefu. Watu aliowauliza walikuwa upande wa pili wa ziwa, na wengi wao hawakuwahi kufika huko walikokuwa wakimweleza.

Anayetoka leo Mbamba Bay kwenda Mbinga hahitaji ramani ili kujua jibu. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Barabara inapanda na kupanda kuingia milima ya Umatengo, na upande wa pili wa nyanda hizo za juu ndiko maji ya Ruvuma yaliko. Mto huo unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unazunguka kuelekea kusini, kisha unageuka mashariki hadi baharini. Hauligusi ziwa kabisa. Mwanamke yeyote wa Kimatengo aliyewahi kushuka ziwani kubadilisha chakula kwa samaki angeweza kumwambia.

Livingstone alikuwa ameshajaribu Ruvuma mara moja. Mnamo Machi 1861 aliingia na meli ya Pioneer, lakini maji yalianza kupungua, na baada ya kilomita 50 hivi akarudi. Mnamo Septemba 1862 alikwenda tena kwa mashua, wakati wa kiangazi, mto ukiwa mchache kuliko wakati wowote. Mashua zilikwama kwenye mchanga, zikaburutwa kwa kamba, zikakwama tena. Daktari John Kirk, mwenzake aliyekuwa mtulivu na mwaminifu, aliona kwamba safari hiyo haina maana, na katika kumbukumbu zake akaanza kutilia shaka akili ya kiongozi wake. Baada ya zaidi ya kilomita 200 waliikuta miamba, na hapo wakageuka.

Soma Matendo 17:11. Watu wa Beroya walilipokea neno kwa uelekevu wa moyo, tena wakayachunguza Maandiko kila siku. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Asiyepokea ushauri hafundishiki, na anayepokea kila ushauri bila kupima hupeperushwa na kila upepo. Washauri wanapopingana, hatuna ruhusa ya kuchagua jibu tunalolipenda. Inafaa kuuliza: huyu anayesema, amefika? Ameona? Anapata faida gani? Na neno lake linapatana na Neno la Mungu?

Livingstone alikuwa na majibu matatu. Alikwenda na lile lililofanana na tumaini lake. Rehoboamu naye aliwauliza wazee na vijana, kisha akachukua shauri lililofanana na moyo wake (1 Fal. 12:1–16). Kuuliza si ujinga, lakini mtu anaweza kuuliza na bado asisikie.

Umewahi kutafuta ushauri huku ukiwa umeshaamua? Matokeo yake yalikuwa nini?

JUMATANO
Walioilipa Gharama

Laiti kila mtu angelipia makosa yake peke yake, jambo hili lingekuwa jepesi. Sivyo ilivyo.

Hotuba ya Cambridge ilikuwa imezaa umisheni mpya wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walifika, na Livingstone akawaongoza hadi Magomero, katika nyanda za Shire. Walikuwa wamesikia habari za nchi yenye afya na njia rahisi ya maji. Walichokikuta ni vita, njaa na homa. Waliingizwa katika mapigano na wafanyabiashara wa watumwa kabla hata hawajajua lugha ya watu waliokuja kuwahudumia. Tarehe 31 Januari 1862 askofu alikufa kwa homa, baada ya mtumbwi wake kupinduka na dawa zote kupotea majini. Wengine walimfuata kaburini.

Mwaka huohuo Mary Livingstone alikuja kujiunga na mumewe. Miaka mingi alikuwa ameishi Uingereza bila nyumba ya kudumu, akilea watoto kwa shida. Walikaa pamoja miezi michache. Tarehe 27 Aprili 1862 alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, akazikwa chini ya mbuyu. Yule mwanamume ambaye hakuwa na mazoea ya kulia, alilia. Mwaka 1863 serikali ilimwita arudi.

Je, alijifunza? Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 1866 aliporudi kwa safari yake ya mwisho hakuja na meli, wala hakuwachukua wataalamu wa Ulaya. Alitembea kwa miguu kutoka pwani ya Mikindani akifuata Ruvuma, akafika Ziwa Nyasa mwezi Agosti upande wa mashariki, kusini ya mpaka wa leo. Huko hakupata jahazi la kumvusha, akalizunguka ziwa kwa miguu. Lakini kosa la ndani lilibaki. Aliamini kwamba mto Lualaba ndio mwanzo wa Nile, na kwa imani hiyo alitumia miaka yake iliyobaki. Lualaba ni mto Kongo.

Mnamo Novemba 1871 Henry Morton Stanley alimkuta Ujiji akiwa mgonjwa na bila mali. Stanley alimletea chakula, dawa na urafiki, akamsihi sana arudi kwao akatibiwe, apumzike, kisha aje kumaliza kazi. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyempenda kama baba. Livingstone alikataa. Mwaka 1873, majira ya mvua, alikuwa katika mabwawa ya Bangweulu, akitegemea vipimo alivyochukua mwaka 1868 kwa vifaa vibovu. Alizunguka majini kwa majuma mengi, akivuja damu, akibebwa na watu wake. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa.

Soma Matendo 27:9–44. Paulo aliwaonya wasiondoke Krete. Akida aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli, na wengi wakaunga mkono. Shehena ilipotea na meli ikavunjika. Lakini angalia mstari wa 31 na 32. Paulo alipoonya mara ya pili kuhusu wale mabaharia waliotaka kutoroka, askari walikata kamba mara moja. Walikuwa wamejifunza, na kwa sababu hiyo watu wote 276 waliokoka. Mungu hakuwaacha kwa sababu walikosea mara ya kwanza, ila meli haikurudi.

Ni akina nani wanaolipa unapokataa ushauri: mwenzi wako, watoto wako, washiriki unaowaongoza?

ALHAMISI
Waliotia Maji

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hii ni njia ya tatu ya kujifunza, nayo ndiyo ambayo Paulo anaieleza katika 1 Wakorintho 10:6–11. Mambo yaliyowapata Israeli jangwani yaliandikwa ili sisi tusipite palepale. Biblia haifichi makosa ya Nuhu, Musa, Daudi na Petro. Imeyaweka wazi ili yawe urithi wetu.

Kifo cha Livingstone hakikuwa mwisho wa habari. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti huko Chitambo, wakaukausha mwili, wakaanza kuubeba kuelekea pwani. Huko Unyanyembe walikutana na maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakimtafuta. Kiongozi wao, Luteni Cameron, aliwashauri wamzike hapohapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Ulikuwa ushauri wa mkubwa, tena ulionekana wa busara. Waliusikiliza, wakaupima, wakaukataa kwa heshima. Walimjua marehemu kuliko Cameron, na njia waliijua pia. Mnamo Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa London. Kwa hiyo kusikiliza ushauri si kutii kila anayeshauri. Tofauti kati ya kukataa kwao na kukataa kwa Livingstone ni kwamba wao hawakuwa wakilinda ndoto yao. Walikuwa wakitimiza wajibu kwa mtu mwingine.

Umisheni ulioanguka Magomero nao ulijifunza. Askofu Tozer aliyemfuata Mackenzie aliuondoa bara na mwaka 1864 akauhamishia Zanzibar. Livingstone alikasirika, akaona ni woga. Lakini huko Zanzibar Edward Steere aliketi na wenyeji akajifunza Kiswahili, akatayarisha vitabu vya sarufi na tafsiri za Maandiko. Vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa. Mwaka 1876 Steere alianzisha kituo Masasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 kijana aitwaye William Percival Johnson akafika Ziwa Nyasa kwa miguu. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu Magomero.

Johnson hakuleta mpango mkubwa wa kufungua mito. Aliishi na watu wa ufukoni, alikula chakula chao, alijifunza lugha yao na kutafsiri Biblia katika Kinyanja. Macho yake yaliharibika karibu kabisa, lakini aliendelea kutembelea kijiji baada ya kijiji kwa zaidi ya miaka 40. Alikufa mwaka 1928 huko Liuli, na kaburi lake liko hapo hadi leo. Ufuko ambao Livingstone aliutazama kwa mbali, Johnson aliukalia hadi akazikwa katika udongo wake. Alipita mahali ambapo wengine walianguka, kwa sababu waliomtangulia walikubali kusema kwamba njia ya kwanza ilikuwa mbaya.

Na bado Mungu hakuitupa kazi ya Livingstone. Taarifa zake za mauaji ya Nyangwe, alizozishuhudia mnamo Julai 1871, ziliwashtua watu wa Uingereza. Tarehe 5 Juni 1873, majuma matano baada ya kifo chake, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Balozi aliyesimamia jambo hilo alikuwa John Kirk, yuleyule aliyeuona upumbavu wa safari ya Ruvuma.

Ni kosa gani la kizazi kilichotutangulia katika kanisa letu ambalo tungepaswa kulizungumza wazi ili vijana wasilirudie?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Mithali 12:15 na 15:22, kisha Zaburi 119:67, 71. Mtunga zaburi anakiri kwamba alipotea kabla ya kuteswa, na kwamba mateso yalimfundisha. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kuanguka asikate tamaa. Mwana mpotevu alijifunza katika zizi la nguruwe, na baba alimpokea. Lakini baba yule hakumtuma zizini ili akasome. Nyumbani palikuwa na mafundisho ya kutosha.

Hekima ya juma hili yaweza kuwekwa hivi. Makosa yako yanafundisha, lakini ada yake ni kubwa, na mara nyingi hulipwa na wengine. Makosa ya waliotangulia yanafundisha bure, ikiwa wao watakuwa wanyofu kuyasema na sisi wanyenyekevu kuyasikia. Ushauri unafundisha kabla ya hasara, ikiwa utapimwa kwa Neno na kwa maombi. Na juu ya yote yuko Mshauri ambaye ameuona mto wote, tangu chemchemi hadi baharini. Yeye hutuongoza kwa Neno lake na kwa Roho wake, na mara nyingi kwa kinywa cha mama mkwe, cha rafiki mtulivu, au cha mwanamke mwenye kapu kichwani anayeijua njia ya kushuka ziwani.

Maswali ya Kujadili

1. Kijana anasema hawezi kuamini jambo hadi alijaribu mwenyewe. Darasa lenu lingemjibu nini bila kumdharau? Je, yako mambo ambayo lazima mtu ajifunze kwa kuyatenda?

2. Mama mkwe, Kirk na Stanley walimwonya Livingstone. Angalia jinsi kila mmoja alivyofanya: kwa barua kali, kwa kunung'unika katika kumbukumbu zake, kwa kusihi kwa upendo. Anayetoa ushauri ana wajibu gani kuhusu namna ya kuutoa?

3. Susi na Chuma walikataa ushauri wa Luteni Cameron. Mnawezaje kujua ni wakati gani kukataa ushauri ni uaminifu, na ni wakati gani ni kiburi?

4. Baraza la kanisa linataka kuanza kazi katika kijiji kipya cha ufukoni. Kwa kutumia habari za Magomero na za Liuli, orodhesheni mambo matatu ambayo wangepaswa kuwauliza wenyeji kabla ya kuanza.

5. Kila mshiriki ataje, akipenda, ushauri mmoja aliowahi kuukataa na baadaye akatamani angeusikia. Mwisho ombeaneni, mkimwomba Bwana awape masikio.